Wakili wa Mtoto wa Fakiri



Ndugu zetu Waislamu, wengi wetu wakili tumjuaye ni yule wa mahakamani, avaaye joho jeusi na kulipwa ujira wake. Leo twataka kumtaja wakili wa namna nyingine, asiye na joho: mtu ajitoleaye kukaa karibu na wanafunzi wa kifakiri katika skuli, akawajua kwa majina, na kuwasemea pale ambapo wao na wazazi wao hawawezi kujisemea.

Tutazame mfano katika mji wa Kisumu, mtaa wa Obunga. Huko wanawake wengi hutafuta riziki kwa samaki aitwaye mgongo wazi. Viwanda humpasua sangara, ambaye watu wa huko humwita mbuta, minofu ikapelekwa ng'ambo. Kichwa na mifupa iliyobaki hununuliwa na wanawake hawa, wakaikaanga kwa mafuta na kuiuza kwa masikini wenzao. Mama ashindaye kutwa katika moshi huo, akiitwa skuli kwa khabari ya mwanawe, huona haya kwenda na nguo zinazonuka samaki mbele ya mwalimu mkuu. Basi haendi, na asipokwenda yeye, mtoto hana msemaji.

Mtu atasema: "Lakini skuli ni bure!" Naam, Kenya iliondoa ada za skuli za msingi mwaka 2003, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza mtoto kuzuiwa skuli ya serikali kwa sababu hakulipa michango. Hata msichana aliyezaa, tangu mwaka 1994 serikali imeweka utaratibu wa kumrudisha darasani. Haya yote ni kweli. Lakini haki iliyoandikwa karatasini haina miguu ya kumwendea mwenyewe nyumbani kwake. Sare yataka fedha, na chakula cha mchana chataka fedha. Kuandikishwa mtihani kwataka cheti cha kuzaliwa, na wako wazazi ambao hawajui pa kuanzia kukitafuta.

Mtoto wa namna hii hatoki skuli kwa kishindo. Hukosa Jumatatu moja, kisha hukosa juma zima, kisha jina lake likakatwa daftarini, na hapana aliyeuliza. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Suratul Baqara khabari za mafakiri ambao asiyewajua huwadhania kuwa wanajiweza, kwa vile wanavyojizuia kuomba. Basi ni juu yetu kuwatambua, wala si juu yao kutupigia kelele.

Enyi ndugu, kazi hii si bid'a iliyoletwa na wageni. Kabla ya kupewa utume, Mtume wetu (s.a.w.) alihudhuria mapatano ya Hilful Fudhul katika nyumba ya Abdullahi bin Jud'an. Mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen alikuwa amedhulumiwa mali yake Makka na mtu mkubwa, Al-Aas bin Wail, na hakuwa na ukoo wa kumtetea. Wakapatana watu wema kuwa watasimama na kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Na baada ya Uislamu Mtume alisema kwamba lau angaliitwa tena katika mapatano kama yale, angaliitika. Tazameni: waliopatana siku ile hawakuwa Waislamu, na yule mgeni hakuwa jamaa yao.

Kwa hiyo asituambie mtu kuwa Obunga ni mbali nasi, na kuwa wengi wa watu wake si wa dini yetu. Wanavyuoni wengi wamesema zaka ya faradhi hupewa Waislamu. Lakini mlango wa sadaka na wema hakuufunga mtu. Abu Yusuf amepokea kuwa Sayyidna Umar alimkuta mzee Myahudi akiomba njiani, akamfanyia fungu katika hazina ya Waislamu. Na nani aliyetuambia kuwa Obunga iko Kisumu peke yake? Kisauni hakuna mtoto aliyekaa nyumbani kwa kukosa sare? Malindi na Lamu hakuna?

Basi wakili huyu afanye nini? Kwanza, aombe idhini ya mwalimu mkuu, wala asiingie skuli kama mpelelezi. Pili, atazame daftari la mahudhurio, na mtoto akikosa siku mbili tatu aende kwao kwa adabu. Tatu, aijue sheria, apate kusema kwa hoja wala si kwa hasira. Nne, amsaidie mzazi kujaza karatasi za kuomba msaada wa karo na kukitafuta cheti. Tano, ahifadhi siri. Lakini akijua kuwa mtoto anapigwa au anaharibiwa, hiyo si siri ya kufichwa: ampelekee khabari afisa wa watoto, au apige simu nambari 116, ambayo haina malipo. Sita, wasichana wawe na wakili mwanamke. Saba, asiifanye dini kuwa bei ya msaada wake.

Nasi tuache desturi mbaya iliyoingia, ya kumsimamisha mtoto mbele ya watu na mkoba mpya mkononi, akapigwa picha pamoja na mfadhili. Mwenyezi Mungu ametutahadharisha kuwa masimbulizi na maudhi huibatilisha sadaka. Mtoto yule kesho atachekwa darasani, na huenda akauacha mkoba na skuli pamoja.

Twatoa shauri hili: kila darsa ya msikiti ichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, kwa skuli moja iliyo karibu. Na sehemu ya fedha zinazoteketea katika karamu za harusi na khitima iwekwe katika mfuko, hesabu yake ikisomwa mbele ya watu kila mwezi. Tusiseme hatuna mali. Kazi hii haitaki mali kwanza; yataka mtu mmoja aulize: "Fulani hakuja leo. Yuko wapi?"

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa waulizao kabla hatujaulizwa sisi. Amin.