Abiria Umewaacha Wapi?

Likizo iliyopita binamu yangu alirudi Giteranyi na kompyuta mpakato kubwa, fimbo ya plastiki ya kuongozea ndege, na miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho yote mawili hadi usione tena kitu chochote kilicho mbele yako. Kompyuta ilikuwa ya mtumba na betri yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo tuliiunganisha na jenereta la jirani. Watoto wa kilima kizima walijaa uani. Zamu yangu ilipofika nilichagua ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, nikaondoka katika uwanja wa Melchior Ndadaye, Bujumbura, kuelekea nyumbani. Ili kuwachekesha watoto, nilijifanya rubani mkubwa. Niliwakaribisha abiria, nikawaambia wafunge mikanda, nikawatangazia hali ya hewa ya Muyinga.

Wasomaji ambao hawajawahi kuvaa miwani hiyo wataniwia radhi nikisema kwamba niliruka. Nilipogeuza kichwa niliona Ziwa Tanganyika likibaki nyuma. Mbele yangu ilisimama milima inayogawa maji ya Kongo na maji ya Nile, ambayo vilele vyake vinapita mita 2,500, ilhali uwanja niliotoka haufiki mita 800. Usipopanda mapema, utaigonga. Mkono wangu ulitaka kushika dashibodi, ukagusa ukingo wa meza. Tumbo nalo lilianza kuchafuka, kwa sababu macho yaliuambia mwili kwamba tunakwenda, huku sikio la ndani, ambalo ndilo linalopima mwendo, likikana. Tulipita Gitega, tukapita Muyinga mjini. Nilikuwa nimeanza kutafuta kilima chetu pale mafuta ya jenereta yalipokwisha.

Giza likaingia. Ndege haikuanguka, ilizimika tu. Nilivua miwani nikaona ua, kuku, na Bibi aliyekuwa ameketi mkekani akichambua maharage. Alikuwa amenisikiliza muda wote. Akaniuliza kwa Kirundi, bila dalili ya mzaha: "Mjukuu wangu, na abiria umewaacha wapi?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Lakini swali hilo halikuniacha. Katika insha hii nitajaribu kulijibu, kwa kuwa naamini Bibi, ambaye hajawahi kupanda ndege, aliuliza jambo ambalo sisi tuliovaa miwani hatukuliona: je, anayejua kurusha ndege ndani ya miwani anajua kurusha ndege? Na kama kuna kitu anachokikosa, kitu hicho ni nini?

Kuna jibu moja rahisi ambalo sina budi kulikataa mwanzoni. Nalo ni kwamba huu ni mchezo wa watoto, hauna uhusiano wowote na elimu. Historia haikubali. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha kutengeneza vinanda, alitumia mivukuto na vali za vinanda hivyo kutengeneza kijindege kisichoruka, kilichoinama na kugeuka kadiri mwanafunzi alivyosogeza fimbo. Kwa muda wengi walikiona kama kitu cha kuchezea kwenye maonyesho. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, na marubani kadhaa wakafa katika muda mfupi kwa sababu hawakuzoea kuruka usiku na katika hali mbaya ya hewa. Hapo jeshi likanunua mashine za Link. Leo marubani wa mashirika ya ndege hurudi kwenye simuleta mara kwa mara maisha yao yote ya kazi. Hata miwani yenyewe imekwisha kupokewa: mwezi Aprili 2021 mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya iliidhinisha kwa mara ya kwanza kifaa cha mafunzo kinachotumia uhalisia pepe, kilichotengenezwa Uswisi kwa ajili ya helikopta aina ya Robinson R22.

Sababu ya yote haya ni ya kimaadili kabla ya kuwa ya kiufundi. Anayejifunza lazima akosee. Wahenga walisema kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi, na walisema kweli, kwa maana koleo hununuliwa jingine. Lakini rubani mwanafunzi akikosea, kinachovunjika si koleo. Kosa la mwanafunzi lina gharama, na swali la haki ni nani atakayeilipa. Simuleta huiondoa gharama hiyo mabegani mwa abiria. Kwa hiyo kumnyima rubani mazoezi ni kuwakosea watu ambao hawajui hata kwamba wamekosewa.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano mchungu. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, Boeing 737 MAX, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi ikaanguka dakika chache baadaye. Watu wote 157 walikufa, na Wakenya ndio waliokuwa wengi zaidi miongoni mwao. Ndege hiyo ilikuwa na mfumo wa kompyuta ulioweza kuinamisha pua yake wenyewe. Ndege ilipoanza kuuzwa, mfumo huo haukuelezwa katika vitabu vya marubani, na marubani waliotoka katika 737 za zamani hawakulazimishwa kupita kwenye simuleta kwanza. Mwezi Januari 2020, baada ya ajali mbili, kampuni iliyoitengeneza ilibadili msimamo na kupendekeza mafunzo ya simuleta. Baada ya hapo, anayeiita simuleta mchezo ana la kuwajibu ndugu wa hao 157.

Je, basi tuseme kinyume chake, kwamba miwani ikiwa nzuri vya kutosha, ndani yake na nje yake ni sawa? Hapo ndipo ninapositasita. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kitanda cha picha hakina kunguni.

Tarehe 15 Januari 2009, ndege ya abiria iliyotoka New York iligongana na kundi la bata bukini, injini zote mbili zikapoteza nguvu. Rubani Chesley Sullenberger aliituliza juu ya mto Hudson, na watu wote 155 wakapona. Baadaye wachunguzi waliwaweka marubani wengine katika simuleta na kuwauliza kama ingewezekana kurudi uwanjani. Baadhi ya waliogeuza ndege mara tu baada ya injini kufa walifika. Lakini walipoongeza sekunde 35 za kusubiri kabla ya kugeuka, ili kuhesabu muda ambao binadamu huhitaji kutambua yaliyompata na kuamua, ndege ya simuleta haikufika.

Sekunde 35 hizo zimenifikirisha sana. Marubani wa simuleta walikuwa na ujuzi uleule. Tofauti ni kwamba wao walijua bata watakuja, walijua swali ni lipi, na walijua kwamba jioni watakula nyumbani. Yule wa kweli hakujua lolote kati ya hayo. Alilazimika kwanza kuamini jambo asilotaka kuliamini, kisha kuchagua huku nyuma yake wamekaa watu ambao hawakuwa na njia ya kuchagua.

Mtu anaweza kunipinga hivi: "Unachozungumzia ni hofu na mshangao tu. Siku moja wataalamu watatengeneza miwani itakayomshtua mtu, itakayomtoa jasho, itakayomsahaulisha kwamba yumo ndani ya miwani. Siku hiyo tofauti yako itakuwa imekwisha." Hoja hii ni nzito, na inamkumbusha msomaji wa falsafa mashine ya kuwaziwa ya Robert Nozick. Katika kitabu chake cha mwaka 1974, mwanafalsafa huyo alituuliza kama tungekubali kuunganishwa maisha yetu yote na mashine inayotupatia hisia zozote tunazotaka. Yeye aliona tungekataa, kwa kuwa hatutaki kuhisi tu kwamba tunafanya mambo, tunataka kuyafanya.

Nakubali kwamba hofu inaweza kuigwa. Hofu imo ndani yangu, na kilicho ndani yangu kinaweza kuchochewa kwa picha na sauti. Tumbo langu lilinithibitishia hilo pale uani. Lakini dhamana haimo ndani yangu. Dhamana ipo kati yangu na mtu mwingine. Mama anapopanda ndege na mtoto mgongoni, amemkabidhi rubani kitu ambacho rubani hawezi kumrudishia kikipotea. Ukiniwekea miwani bora kuliko zote ulimwenguni, ukanifanya nilie kwa hofu, bado hakuna mama aliyenikabidhi mtoto. Unaweza kunidanganya mimi nikaamini kwamba yupo, lakini kudanganywa kwangu hakumleti.

Ndiyo maana nadhani neno "rubani" lina sehemu mbili ambazo tumezoea kuziona kama moja. Ya kwanza ni ujuzi, na ujuzi unaweza kupatikana ndani ya miwani, angalau kwa kiasi. Ya pili ni kubeba dhamana. Ujuzi hukuwezesha kuanza upya. Dhamana haina kitufe cha kuanza upya. Maji yakimwagika hayazoleki. Katika miwani maji yanazoleka kila mara, na hilo ndilo linaloifanya iwe shule nzuri. Hilohilo ndilo linaloifanya isiwe safari.

Mtu mwingine ataniuliza: na rubani anayeruka peke yake, bila abiria, si rubani? Ni rubani, kwa sababu hata aliye peke yake angani hayuko peke yake. Chini yake kuna paa za watu. Kwa Bibi yangu, anayechambua maharage uani, kila ndege inayopita juu inaongozwa na mtu aliyemwekea dhamana bila kumjua.

Nisieleweke vibaya kwamba dhamana bila ujuzi inatosha. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, katika mkoa wa Kagera ambao unapakana nasi. Ilikuwa na watu 43. 24 walipona, 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwemo. Wavuvi waliokuwa karibu walikwenda na mitumbwi yao, na mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alijulikana nchi nzima kwa ushujaa wake. Nijuavyo mimi, kazi ya mvuvi haina somo la kuokoa watu katika ndege iliyozama. Waliona watu, wakapiga makasia. Sithubutu kusema nia njema inaweza kuchukua nafasi ya mafunzo na vifaa vya uokoaji, wala hakuna mtu wa Bukoba atakayesema hivyo. Ninachosema ni kwamba siku ile ilionyesha sehemu ya pili ya neno letu ikiwa peke yake, na tunaijua tunapoiona. Ujuzi bila dhamana ni mchezo. Dhamana bila ujuzi ni ushujaa unaolia kuomba msaada. Abiria anastahili vyote viwili.

Nimeandika haya si kwa ajili ya hoja tu. Nina mdogo wangu wa miaka 15 ambaye tangu likizo ile anajiita rubani. Hatuna shule ya urubani Giteranyi, na ada za shule hizo popote zilipo zinazidi mavuno yetu ya kahawa ya miaka mingi. Nilijiuliza kama tulimtendea wema au ubaya kumvisha miwani ile. Kumwambia "huo ni mchezo tu" ni kumfungia mlango ambao huenda ukafunguka. Kumwambia "umekwisha kuwa rubani" ni kumdanganya, na anayedanganywa hivyo huacha kutafuta kilichobaki.

Marubani wa kweli wana daftari wanamoandika kila safari: tarehe, ndege, mahali walikotoka, mahali walikofika, na saa walizoruka. Saa za kuruka uani kwetu haziandikwi katika daftari hilo. Kwa hiyo nilimnunulia mdogo wangu daftari la shule la kurasa 48, nikampa sharti moja. Kila ndege yake ikianguka au ikizimika, kabla ya kuanza upya, aandike ilikuwa na viti vingapi na ilikuwa juu ya kilima gani.

Mwanzoni alilalamika kwamba namharibia mchezo. Siku iliyofuata nilimkuta ameandika mistari 4. Wa nne ulikuwa wa ndege iliyoanguka karibu na kwetu. Kwenye nafasi ya kilima alikuwa ameandika jina la kilima chetu, na pembeni yake, kwa herufi ndogo, neno ambalo sikumwagiza: "Bibi". Alikuwa ameshika fimbo mkononi, na alichelewa kidogo kubonyeza kitufe cha kuanza upya.