Fungua Kinywa Leo!

Ewe unayejua, mbona umenyamaza?

Wajua homa inavyompanda mtoto. Wajua macho yanavyopinduka, meno yanavyokazana, mwili unavyokakamaa. Wajua kuwa anayemtikisa si ndege apitaye usiku, kama wengine wanavyoamini. Mara nyingi ni homa kali ya malaria! Lakini jirani akisema, "Hiyo ni degedege, akichomwa sindano atakufa," wewe unatazama chini.

Inua uso! Hapa Bagamoyo watafiti waliyaandika haya mwaka 1996. Homa ya malaria watu waliijua, ila waliiona ugonjwa wa kawaida tu. Degedege waliiweka mbali nayo: ya kupelekwa kwa mganga, ya kufukizwa moshi wa mavi ya tembo, ya kuogopewa sindano. Basi bango likiandikwa malaria peke yake, mama aliyemkumbatia mtoto wa degedege atajuaje kuwa anaambiwa yeye?

Muuguzi, acha kufoka! Mama uliyemdhalilisha leo kwa kuchelewa, kesho haji kabisa. Mwalimu, acha maneno ya semina! Sheikh, padri, mchungaji, mnasikilizwa kuliko redio: semeni!

Nendeni hata kwa mganga. Msimtukane. Kaeni naye, mumsihi, awe wa kwanza kumwambia mama: kimbia hospitali!

Semeni kwa Kiswahili cha barazani: "Degedege ikimshika mtoto, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mkimbize zahanati saa hiyo hiyo. Sindano haiui. Kuchelewa ndiko kunakoua!"

Semeni Kaole, semeni Zinga, semeni Mlingotini! Semeni msikitini, kisimani, sokoni kwenye samaki! Masika yakishika, madimbwi hujaa, mbu huzaliana, na malaria kali yaweza kumuua mtoto kabla ya saa 24 kwisha. Mbu hangoji kikao. Homa haingoji posho. Kaburi halisikii udhuru!

Kujua umekwisha kujua. Kipimo kipo, dawa mseto ipo, chandarua chenye dawa kipo. Kilichobaki ni kinywa chako.

Geuka leo! Acha aibu, acha uvivu, acha kusema "watasema wengine." Nyumba ya pili pana mtoto anachemka homa, na mama yake anasubiri kupambazuke. Inuka, bisha hodi, umwambie aende sasa!