Wanachuo Waliokuja Kufundisha Watoto Wetu

Somo: Luka 2:41–52, Yakobo 3:1



Mmewaona. Tangu Jumapili mbili zilizopita wamekaa benchi la nyuma, vijana wenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri na mabinti wenye sketi ndefu, kila mmoja na daftari lake. Ni wanachuo wa ualimu, nao wameletwa kwenye shule za mtaa wetu kwa mazoezi ya kufundisha. Wengine wanatoka mbali na hawakuizoea baridi yetu ya Buha. Asubuhi huwaona wakitetemeka njiani kuelekea shuleni, ndoo ya chaki mkono mmoja na maboksi ya zana mkono wa pili. Sisi tuliomaliza miaka yetu katika vyuo vya ualimu twawatazama kwa furaha, na pia kwa hofu kidogo. Tutaisema sababu ya hofu hiyo.

Kwanza tutazame Injili. Habari ya Yesu hekaluni twaisoma kila mara tukimtazama mtoto, na ni haki. Lakini wale walimu nao tuwatazame. Hawana majina. Luka hakuandika hata mmoja wao aliitwaje. Walikuwa watu wazima, wenye elimu na heshima, na mbele yao aliketi mtoto wa miaka 12 aliyetoka kijijini, ambaye hapa kwetu angekuwa Darasa la Sita. Hapana shaka usemi wake ulikuwa wa Galilaya, nasi twajua jinsi watu wa Yerusalemu walivyoutambua usemi huo. Mtoto huyo aliketi katikati yao, akawasikiliza, akawauliza maswali, naye akaulizwa akajibu. Hakuna aliyemwambia anyamaze, wala aliyemuuliza ameletwa na nani au ada yake iko wapi. Tena walimu wale hawakujua ni nani aliyekaa mbele yao. Hilo ndilo tunalotaka wanachuo walichukue. Walimtendea mema wasipomjua.

Mwalimu naye hamjui aliyekaa mbele yake. Anajua jina lililo kwenye rejista tu.

Mwaka 2016 nchi yetu ilipata aibu. Huko Mbeya, katika shule moja ya sekondari ya kutwa, walimu waliokuwa kwenye mazoezi kama hawa wetu walimpiga mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, wengi kwa mmoja, ndani ya ofisi ya walimu. Mtu akapiga picha kwa simu, na mwezi wa Oktoba zikaenea nchi nzima. Waziri wa Elimu wa wakati ule alikuwa Profesa Joyce Ndalichako, ambaye wana Kasulu mjini walimchagua kuwa mbunge wao mwaka 2020. Aliwafukuza vijana wale vyuoni. Miaka mingi ya kusoma, michango ya wazazi na ng'ombe waliouzwa, vyote vikapotea kwa dakika chache za hasira. Mwaka 2018, mkoani Kagera, ambao si mbali na Kibondo, mtoto wa Darasa la Tano alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa kushukiwa wizi. Mwalimu huyo alihukumiwa kifo mwaka 2019. Huyu hakuwa mwanachuo, ila aliwahi kuwa mwanachuo.

Wapendwa, sheria i wazi. Kanuni za mwaka 2002 zasema viboko visizidi vinne, na vitolewe na mwalimu mkuu, au na mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike, kama yupo. Adhabu na sababu yake viandikwe kitabuni. Basi mwanachuo anayesimama getini na fimbo kuwangoja wachelewaji, karatasi yake ya ruhusa iko wapi? Na mchelewaji mwenyewe ni nani? Huenda ni mtoto aliyetumwa maji bondeni alfajiri, au aliyekesha shambani kulinda mahindi. Aliyemtuma ni mmoja wetu tunaosoma gazeti hili.

Lakini tusiwaseme vijana tukajificha. Tunayo deni letu wenyewe.

Katika miaka ya tisini tulikwenda kusimamia mazoezi katika shule moja ya kando ya barabara ya Kibondo. Mwanachuo tuliyemkagua alikuwa hodari. Azimio la kazi lilikuwa safi, andalio la somo halina doa, na zana alizitengeneza kwa maboksi na vizibo vya soda. Somo lilikuwa Hisabati, Darasa la Nne. Akauliza swali, na mtoto mdogo wa dirishani akainua mkono, akajibu kwa Kiha. Jibu lilikuwa sahihi. Yule mwanachuo akaligeza neno lile kwa sauti ya pua, darasa likacheka. Akalirudia, likacheka zaidi. Kisha akamsimamisha mtoto juu ya dawati hadi kengele.

Nasi tulikuwa tumekaa nyuma na fomu yetu. Tukaandika: maandalizi, vizuri sana, zana, vizuri sana, matumizi ya ubao, vizuri, nidhamu ya darasa, vizuri sana. Katika fomu ile hapakuwa na mstari wa kuandika lile tuliloliona, nasi hatukuuongeza, ingawa kalamu ilikuwa mkononi mwetu. Baada ya somo tulimwita mwanachuo chini ya mwembe tukamshauri juu ya ukubwa wa herufi zake ubaoni.

Mwaka uliofuata tuliporudi, mwalimu mkuu alitwambia mtoto yule ameacha shule. Hatuwezi kusema ni kwa ajili ya siku ile. Wazazi wake walikuwa wamehamia shambani mbali, na wengi waliacha hivyo. Lakini Yakobo anaonya kwamba waalimu watahukumiwa kwa kipimo kikali zaidi, nasi kila tusomapo neno hilo hatumwoni yule mwanachuo. Twajiona wenyewe, na kalamu. (Yule mwanachuo sasa ni mwalimu mkuu, na twasikia wazazi wanampenda. Mungu amjalie.)

Katika maadili ya kazi ya ualimu tuliyofundisha chuoni, wajibu wa mwalimu umegawanywa mara tano: kwa mtoto, kwa jamii, kwa kazi yake, kwa mwajiri na kwa taifa. Mtoto ametajwa kwanza. Wanachuo wetu hukariri orodha hiyo kwa mtihani. Tunawaomba waikumbuke pia saa nane mchana, darasa lina watoto 90, jua linachoma bati, na nusu ya watoto hawajala tangu jana.

Liko jambo lingine ambalo wazee huona haya kulisema kanisani. Vijana hawa wana miaka 20 au 22, na madarasa ya juu ya sekondari yana wasichana wa miaka 17. Tangu mwaka 2016 sheria inampa kifungo cha miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba. Lakini mwanachuo anayeogopa jela tu atatafuta njia ya kujificha. Asimwite msichana nyumbani kwake kumchotea maji au kumletea madaftari, ayabebe mwenyewe. Na mzazi asimtume binti na kuku jioni kwa mwalimu. Ukiwa na kuku wa shukrani, mpeleke wewe, mchana, ofisini kwa mwalimu mkuu.

Tena wazazi, tuache kusema, "Mchape tu, mwalimu, huyo ni wako." Neno hili tumelisikia mlangoni mwa shule mara nyingi, na mwanachuo mgeni hulichukua kuwa ruhusa. Yale ya Mbeya hayakuanzia Mbeya. Yalianza katika nyumba nyingi.

Nao vijana hawa ni watoto wa watu. Posho yao huchelewa. Wamepanga vyumba visivyo na kitanda, na wengine hula uji asubuhi na jioni. Mtu mwenye njaa ni mwepesi wa hasira, hilo kila aliyeshika chaki analijua. Kina mama wa Umoja wameahidi debe la maharage na unga, lakini bado twahitaji magodoro mawili na blanketi. Atakayeweza amwone katibu wa mtaa kabla ya Jumatano.

Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, wanachuo watabaki kanisani na walimu wastaafu. Tutawasimulia habari ya mtoto wa dirishani. Tumekwisha kumwomba mchungaji asiwaweke tena benchi la nyuma.