Kilichomo Chunguni

Katika vyakula vyote vinavyouzwa katika soko la Temeke Stereo, sidhani kama kuna kinachodharauliwa kama boga. Nyanya hupangwa mafungu mafungu juu ya meza, vitunguu huning'inizwa, nazi huhesabiwa kwa sauti. Boga hulala chini, juu ya gunia, na mwenye nalo aghalabu yuko kwenye bidhaa nyingine. Majani yake watu huyanunua kwa furaha. Ni mboga ya heshima ukiyatia nazi na karanga. Tunda lenyewe hubaki pale. Mwezi wa Ramadhani tu ndipo hupanda cheo, likapikwa kwa nazi, sukari na iliki kwa ajili ya futari, na baada ya Idi hurudi guniani kwake. Mgeni akibisha hodi jioni, hakuna mwenyeji wa Chang'ombe atakayesema, "Karibu, leo tuna boga."

Nayasema haya kwa sababu ninakusudia kuzungumzia jambo la uadilifu, na jambo hilo lilinijia kwa njia ya boga. Nyumbani kwangu, si mbali na kile kilichokuwa Chuo cha Ualimu Chang'ombe, ambacho tangu 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, ninaishi na mjukuu wangu aliyesomea upishi. Msichana huyu hana dharau kwa mazao. Maboga yanapojaa sokoni baada ya masika na kipupwe kikaanza kutuma upepo wake wa usiku, yeye hununua boga kubwa lililokomaa, lenye ganda gumu lisiloingia ukucha, akalifanyia mchuzi wa kumwagia tambi. Si mtamu wa sukari. Ni wa chumvi.

Nitaeleza namna anavyoupika, maana wako watakaotaka kuujaribu, na mimi si mtu wa kumwambia msomaji habari za chakula nikamnyima chakula chenyewe. Boga hukatwa vipande vikubwa, likaondolewa mbegu pamoja na nyuzinyuzi zake, likapikwa kwa maji kidogo sana hadi nyama iachane na ganda. Kama boga ni la majimaji, ni afadhali kulichoma juu ya mkaa kuliko kulichemsha, vinginevyo utapata uji. Huku nazi inakunwa kwa mbuzi na kukamuliwa mara mbili, tui zito likawekwa kando. Kitunguu maji hukaangwa kwa moto mdogo mpaka kilegee, kikafuatiwa na kitunguu saumu na tangawizi. Hapo ndipo boga lililopondwa huingia, pamoja na tui jepesi, chumvi, pilipili manga na kungumanga kidogo tu, maana kungumanga ikizidi husikika peke yake. Tui zito huja mwisho, na likishatiwa mwiko hautulii, kwani tui likiachwa lichemke ovyo hukatika na mchuzi ukawa kama maziwa yaliyoganda. Kisha kikombe kimoja cha maji yaliyochemshia tambi. Mimi nilidhani ni ubahili, lakini mjukuu alinieleza kwamba maji yale yana wanga, nao ndio unaoushikisha mchuzi kwenye tambi. Ndimu hukamuliwa sufuria ikishateremshwa. Mchuzi hutoka laini, mzito, wa rangi ya machungwa, na nakiri kwamba siku ya kwanza niliufuta sahanini kwa kipande cha mkate.

Basi, mwaka juzi, katika kipupwe, tulipata habari kwamba shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, anakuja kutoka Shinyanga kwa matibabu ya macho, naye atafikia kwetu. Mjukuu akasema usiku wa kwanza atampikia tambi kwa mchuzi wa boga. Nikamwambia huyo mzee hali boga. Akauliza kwa nini, nikamweleza kama nilivyoelezwa na mwenyewe miaka mingi iliyopita.

Ilikuwa 1974, mwaka wa Operesheni Vijiji katika mkoa wa Shinyanga. Vijana wa leo wamesoma jambo hili kama mstari mmoja katika kitabu cha historia, hivyo nitalikumbusha kwa ufupi. Mwaka 1967, katika maandiko yake juu ya ujamaa vijijini, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba watu waingie katika vijiji kwa hiari baada ya kushawishika. Mwezi Novemba 1973 akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 nchi nzima iwe imehamia. Familia ya shemeji ilihamishwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Safari ya kwanza walipakia watoto, vyombo, na maboga, kwa kuwa boga lililokomaa hubebeka bila gunia na hukaa miezi bila kuoza. Mahindi yangefuata safari ya pili. Waliporudi, nyumba ilikuwa imeshabomolewa, ghala limefunuliwa, na mahindi yameharibika. Mvua za msimu uliofuata nazo hazikuwa za kutegemea. Miaka ile ilikuwa ya njaa katika sehemu nyingi za nchi. Shemeji aliniambia kwamba walikula boga la kuchemsha asubuhi na jioni, bila chumvi mara nyingine, mpaka harufu ya mvuke wake ilimfanya atoke nje. Tangu hapo hakuligusa.

Mjukuu alisikiliza kwa adabu yote. Kisha akasema, "Babu, tusimwambie. Ukisha kulisaga na tui, hakuna anayelitambua. Atakula, atafurahi, ndipo tumwambie. Miaka hamsini anajinyima kitu kizuri kwa sababu ya jina tu."

Msomaji mpenzi, usimcheke msichana huyu, wala usimwone mwovu. Hoja yake ina nguvu kuliko inavyoonekana. Ni kweli kabisa kwamba jina la chakula hufika ulimini kabla ya chakula chenyewe. Mwambie mtu hili ni boga, naye ataonja 1974. Usimwambie, naye ataonja nazi, tangawizi na ndimu. Kumwambia ni kumnyima nafasi ya kuonja kwa haki. Zaidi ya hayo, boga lina faida kwa mzee mwenye macho mabovu, au angalau halimdhuru: ile rangi yake ya njano mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mafuta ya tui husaidia kuifyonza. Tena mjukuu alikuwa na mifano. Huko Mantova, kaskazini ya Italia, alisema, tambi zilizojazwa boga ni chakula cha mkesha wa Krismasi.

Mfano wa Waitaliano niliukataa papo hapo. Hatuwezi kumwambia mzee wa Shinyanga kwamba boga limekuwa na heshima kwa sababu Wazungu wanalila. Huko ni kumwongezea fedheha. Nikaongeza, kwa tabia ya kizee ya ualimu, kwamba boga lenyewe asili yake ni bara la Amerika, kama mahindi na mihogo, na halikufika Ulaya wala kwetu kabla ya safari za Columbus, kwa hiyo Waitaliano nao walikuwa wageni wake. Lakini hayo yalikuwa ya pembeni. Swali lenyewe lilibaki mezani: je, ni halali kumlisha mtu mzima kitu asichokitaka, bila yeye kujua, kwa kuwa wewe una hakika ni kizuri na kina faida kwake?

Wengi watajibu haraka kwamba ndiyo, kwani kila siku hufanyika. Mama huponda kidonge akakificha katika uji wa mtoto. Serikali nayo ilitunga kanuni mwaka 2011 za kuongeza virutubishi katika unga wa viwandani na mafuta ya kula, na ni wangapi kati yetu tulioulizwa? Mimi mwenyewe natumia chumvi yenye madini joto wala silalamiki.

Hata hivyo mifano hii haifanani na mzee wetu. Mtoto hana uwezo wa kupima, na mama hupima kwa niaba yake mpaka akue. Ndiyo maana ya kulea. Shemeji yangu amelea watoto saba. Ama chumvi na unga, kanuni zake zilitangazwa hadharani, na maandishi yapo juu ya mfuko kwa anayetaka kusoma. Kutoulizwa mmoja mmoja si sawa na kufichwa. Mjukuu hakutaka kumpa mzee mfuko usio na maandishi tu; alitaka kumfunga macho akiwa amekwenda kutibiwa macho.

Nikamuuliza: kama mgeni angekuwa Mwislamu, na mchuzi una mafuta ya nguruwe, ungesema tusimwambie? Akaruka kama aliyeguswa na kaa la moto. "Hiyo ni dini, Babu!" Je, kama ni mtu ambaye karanga humvimbisha koo? "Hiyo ni afya." Naam. Kwa hiyo, mjukuu wangu, unakubali kwamba zipo sababu za kutokula ambazo hatuna ruhusa ya kuzichezea, na sababu ya huyu mzee umeipima mwenyewe ukaiona ndogo. Ni nani aliyekupa mizani?

Hapo ndipo naona kiini cha jambo. Anayekula boga lile na kutapika si mimi wala si mjukuu. Uzito wa kumbukumbu haujulikani kwa aliyesimuliwa. Mimi nimesimuliwa kwa nusu saa. Yeye alisimuliwa na mimi, tena kwa dakika kumi, akiwa anamenya vitunguu. Tukasema ni "jina tu".

Na kuna jambo jingine ambalo kwangu ni zito zaidi, nalo nalisema kwa tahadhari kwa kuwa mimi ni mmoja wa wale walionufaika. Vijiji vilileta mema. Shule zilijengwa karibu na watu, zahanati pia, na mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza 1977 madarasa yetu yalijaa watoto ambao wasingeliona ubao. Mimi nilipata kazi ya maisha katika mema hayo, na sitakubali mtu aniambie kwamba hayakuwa mema. Lakini wema wa kitu na namna ya kumfikishia mtu kitu hicho ni mambo mawili. Mwaka 1974 mzee huyu aliletewa jema ambalo wengine walikuwa wameshaamua ni jema, na gharama yake ilikuwa mahindi yake. Sasa, baada ya nusu karne, anakuja nyumbani kwa shemeji yake, na sisi tumeketi jikoni tunaamua tena kwa niaba yake. Safari hii ni mchuzi tu, mtaniambia. Ndiyo, ni mchuzi. Lakini mtu aliyeungua huitambua harufu ya moshi.

Basi nilikwenda Magufuli, stendi ya mabasi ya Mbezi, kumpokea, na tukiwa ndani ya gari nikamwambia. Nilisema, "Shemeji, mjukuu wako amekupikia. Kuna tambi na mchuzi wa boga, anaupika vizuri sana. Na kuna dagaa na ugali. Utachagua." Alinyamaza mpaka tukavuka Ubungo. Kisha akauliza ni boga la namna gani. Nikamwambia la ganda gumu. Akasema, "Hayo ndiyo yanayokaa," akarudi kimya.

Alikula ugali na dagaa. Mchuzi ulikuwa mezani katika bakuli, haukufichwa wala hakuna aliyemsogezea. Alimshukuru mjukuu kwa jina lake, akamwambia kwamba rangi ni nzuri. Baadaye, tulipokuwa tukinywa chai barazani, mjukuu alileta mbegu za lile boga alizokuwa amezikaanga kwa chumvi, akaniwekea mimi. Shemeji alinyoosha mkono akachota kiganja kizima, akazitafuna moja moja kwa meno yake machache, akituambia kwamba mwaka ule mbegu hazikuliwa na mtu. Mama yake alizihesabu na kuzifungia kwenye kitambaa kwa ajili ya kupanda.

Mjukuu hajakubali kwamba nilikuwa sahihi. Husema nilimnyima babu yake wa Shinyanga usiku mmoja wa kulisamehe boga. Na siku moja, akiwa anaosha vyombo, aliniuliza swali gumu kuliko yote: je, kama angekula, akafurahi, na sisi tusimwambie kamwe, ubaya ungekuwa wapi? Yeye asingejua, wala asingeumia.

Nilimjibu kwamba mezani tungekuwa watatu, na wawili kati yetu tungekuwa tunamtazama wa tatu akila. Akasema hilo ni jibu la mwalimu. Tumeliacha hapo. Masika haya maboga yamekuwa mengi, na shemeji anatarajiwa tena mwezi Julai kwa jicho la pili.