Wazo la Leo: Tandika Godoro Kwanza

Kijana wa Bunju unayejirusha mchangani huku mwenzio akikurekodi kwa simu, mjue Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala. Filamu yake ya mapigano ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, inatajwa kugharimu chini ya dola 200. Studioni kwake bunduki huundwa kwa vyuma chakavu, na mwigizaji wake, Bruce U, anafundisha watoto wa mtaani kung fu. Damu ya ng'ombe waliyotumia mwanzo kuigiza majeraha ilimfanya mwigizaji mmoja augue, wakahamia rangi ya chakula iliyotiwa ndani ya kondomu. Halafu, jamani, nakala ya awali ya filamu hiyo akaifuta kwenye kompyuta apate nafasi ya nyingine! Basi wewe rekodi, ila tandika godoro kabla ya kuruka, na hifadhi nakala mbili.