Useremala wa Nyumbani: Je, ni Upuuzi au ni Amana?

Shukrani zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha Nabii Nuhu kuunda jahazi, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baada ya hayo: miongoni mwa mambo yaulizwayo barazani ni hili. Mtu si seremala, ana kazi nyingine impatiayo riziki. Lakini ikifika jioni hutwaa msumeno na randa, akachonga mbao nyumbani kwake kwa kupenda tu, wala hauzi akitengenezacho. Je, afanyalo ni upuuzi wa kupoteza saa, au lina kheri ndani yake? Na wako wazidishao wakasema kuwa kazi ya mkono ni aibu kwa muungwana. Suala hili laonekana dogo, kumbe ndani yake mna jambo kubwa, nalo ni amana.

Na ichukuliwe mithali ya mtu wa Mikindani aliyekwenda kufanya kazi ya ukarani Ruanda, kata iliyo katika wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Huko makaa ya mawe yalianza kuchimbwa mwaka 2011, na malori yamekuwa yakiyachukua hata bandari ya Mtwara. Basi si ajabu kumkuta mtu wa pwani katika nchi ile. Ni nchi ya milima na baridi, nchi ya Wamatengo walimao kahawa, na mwenye kushuka kwa upande wa magharibi hufika Ziwa Nyasa, penye Mbamba Bay na Liuli. Mtu huyu akisha kusali Alasiri hana jamaa, hana baraza, hana bahari. Jioni yake ni ndefu. Na saa tupu haikosi wageni: karata, umbea, na simu iliyo mkononi hata usingizi umchukue.

Siku moja alishuka ziwani, akamwona mvuvi akichonga mtumbwi kwa tezo, gogo moja zima, pasi na msumari. Aliporudi mlimani akamkuta jirani yake mkulima ameketi mlangoni akichonga mpini wa jembe lake. Akajiuliza: yeye, aliyesoma na kuajiriwa, amepata kutengeneza nini kwa mikono yake tangu kuzaliwa? Hata kibao cha kukalia hakupata. Akaona haya, na haya hii ilikuwa njema. Akanunua msumeno, randa, patasi na nyundo, na ubao wa mninga, akaazimia kutengeneza rafu ya vitabu ya kuwapelekea wanawe Mikindani.

Sasa liangaliwe neno la aibu kwanza. Asemaye kuwa patasi yamshusha mtu cheo na atazame waliomtangulia kwa cheo. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Nabii Zakaria alikuwa seremala, na kwamba Nabii Daudi alikuwa akila kwa kazi ya mikono yake, naye ni mfalme. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akishona viatu vyake na nguo zake nyumbani. Na mimbari aliyohutubia Madina iliundwa kwa mti wa mwituni na seremala aliyekuwa mtumwa wa mwanamke mmoja wa Kiansari. Basi iko wapi aibu?

Ukweli ni kwamba dharau hii haikutoka katika dini. Ni mabaki ya zama za utumwa, ilipokuwa kazi nzito ikitupiwa watu wasioweza kukataa. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Lakini desturi yake ilibaki mioyoni mwa wengi, wakadhani kuwa uungwana ni ulaini wa viganja. Na ajabu ni kuwa watu hao hao hujifakhiri kwa milango ya nakshi ya Unguja na Lamu, wakawaonyesha wageni, na hali mlango haukujichonga wenyewe. Jina la tajiri aliyeagizia mlango mara nyingi limekwisha kusahauliwa. Mkono wa fundi ungali ukionekana katika kila ua na kila mnyororo alioukata.

Ama neno la upuuzi, jawabu yake yapatikana katika khabari ya rafu ile. Yule karani alikata ulimi wa ubao mmoja ukawa mwembamba kuliko tundu lake. Alipouingiza, ukacheza. Basi akachanganya unga wa mbao na gundi, akaujaza mwanya, akapiga msasa. Na palipoharibika ni nyuma, upande uelekeao ukutani. Rafu ikasimama ikapendeza. Hapana mnunuzi aliyedanganywa, hapana bei iliyopokewa, mbao ni zake na kazi ni yake. Je, ana lawama?

Kwa upande wa haki za watu, hana lawama. Mwenye mali yake hakumdhulumu mtu kwa kuiunga vibaya. Lakini haifai kusimama hapo. Ni mashuhuri kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta chini yake majimaji, na juu yake pakavu; akamkataza vikali mwenye mali, akamwambia kuwa mwenye kughushi si katika watu wake. Chungu ile ilikuwa na juu yake na chini yake. Na rafu ile nayo ina mbele yake na nyuma yake. Tofauti ni moja tu: sokoni palikuwapo mtu wa kutia mkono, na nyumbani hapakuwapo.

Na hapo ndipo penye siri ya jambo hili. Seremala wa dukani ana mnunuzi amkaguaye. Karani ana mkubwa wake. Mwanafunzi ana mwalimu. Ni vigumu kujua kama watu hao ni waaminifu, au ni waoga tu. Lakini mtu afanyaye kazi isiyo na mnunuzi wala msimamizi, akiwa peke yake na ubao wake usiku, hana wa kumwogopa ila Mola wake, wala hana wa kumdanganya ila nafsi yake. Wanachuoni wamefundisha kuwa daraja ya ihsani ni mja kutenda akijua kwamba yuko mbele ya Mwenyezi Mungu, ingawa hamwoni. Basi kuta nne za chumba cha kuchongea ni chuo kizuri cha kujifunzia ihsani. Mti nao ni mwalimu asiyependelea: ukiuendea kinyume cha nyuzi zake, huchanika, ukikosa kipimo, kiungo hulegea, wala haupokei udhuru.

Yule karani alilala usiku mmoja na rafu yake. Asubuhi akawaza kwamba wanawe watapanda vitabu juu yake, na msahafu miongoni mwavyo, nao watamwamini baba yao. Aliporudi kazini jioni akaivunja, akakata ubao mwingine, akapima mara mbili kabla ya kukata mara moja. Alipoteza ubao na jioni tatu. Lakini imesimuliwa kuwa tangu siku hizo alipoketi mbele ya hesabu za kazini, palipokuwa na kosa asiloweza kuliona mtu, mkono wake ulikuwa mzito kulifunika. Na hiyo ndiyo faida isiyopatikana katika karata. Wazee wa pwani walisema: kazi mbi si mchezo mwema.

Labda atasema mtu: ajitengenezeaye rafu amemnyang'anya seremala riziki yake. Neno hili lina uzito, lakini jawabu yake iko wazi. Mtu aliyepata kupiga randa ubao mmoja hata ukanyooka hujua jasho lililomo katika kitanda na mlango. Hamwiti tena fundi mwizi kwa sababu ya ujira wake, wala hamzungushi njoo leo njoo kesho. Naye amekwisha kusikia kuwa mtenda kazi yapasa alipwe kabla jasho lake halijakauka. Mafundi wamepata hasara zaidi kwa wasiojua kazi kuliko kwa wanaojifunza.

Lakini kheri hii ina mipaka mitatu, na mwenye kuivuka ameharibu alichokijenga.

Wa kwanza ni asili ya mbao. Mninga huota wenyewe katika mapori ya miombo, hukua polepole, na ukikatwa hutoa utomvu mwekundu mfano wa damu. Watu huupenda kwa kuwa haupindiki ovyo, na mchwa hawauwezi moyo wake. Kwa sababu hiyo huibwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yataka kibali kwa avunaye katika misitu ya hifadhi, na ubao uletwao usiku kwa bei ya chini haukosi kuwa na neno. Rafu ya msahafu iliyoundwa kwa mti wa wizi ni kama udhu wa maji ya kunyang'anya. Na atumiaye mti na apande mti, kwani apandaye mti wakala matunda yake mtu au ndege huandikiwa sadaka.

Wa pili ni haki za watu. Randa isimchelewesha mtu na sala, wala isimwibe kwa mkewe na wanawe, wala nyundo yake isimwamshe jirani mgonjwa.

Wa tatu ni moyo. Achongaye ili asifiwe amekwisha kumpata mnunuzi, nao ni macho ya watu. Naye atarudi kuipamba mbele na kuiacha nyuma.

Basi jawabu ya suala ni hii: useremala wa nyumbani si aibu, wala si upuuzi kwa mwenye kuuchunga. Ni amana ndogo imzoezayo mtu kubeba amana kubwa. Na Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu ambao nyuma ya kazi zao ni sawa na mbele yake. Amin.