Mizani ya Maumivu

Watoto wawili huchomwa sindano siku moja, kwa mkono wa mwuguzi mmoja. Wa kwanza hukunja uso kidogo, akaenda zake. Wa pili hulia kwa kwikwi. Sisi tutazamao hukata hukumu papo hapo: yule ni shujaa, huyu ni mwoga. Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Ingekuwa ya haki kama maumivu yangekuwa mzigo wenye uzito uleule kwa kila aubebaye. Lakini elimu ya urithi yatuonyesha ya kuwa sivyo. Kaskazini ya Pakistan palikuwa na mvulana aliyejichoma visu mikononi na kukanyaga makaa ya moto mbele ya watazamaji, wala asione maumivu. Wataalamu walichunguza jamaa nyingine za huko zenye watu wa namna hiyo, na mwaka 2006 wakatangaza chanzo chake: hitilafu katika jeni moja, SCN9A. Jeni hiyo huunda mlango mdogo unaoiwezesha mishipa ya fahamu kupeleka habari ya maumivu. Mlango usipofanya kazi, ubongo haupati habari.

Je, mvulana yule alikuwa shujaa kuliko watu wote? La, hakuwa na kitu cha kustahimili. Alikufa akingali kijana mdogo, baada ya kuruka kutoka juu ya paa la nyumba. Wenziwe walivunjika mifupa pasipo kujua, na wengine walijiuma ndimi zao. Kumbe maumivu tunayoyachukia ni mlinzi wetu.

Wala tofauti hizi si za watu wa ajabu peke yao. Jeni iitwayo COMT huunda kimeng'enya kinachovunja baadhi ya kemikali zipelekazo habari katika ubongo. Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani waliwatia watu waliojitolea maji ya chumvi kali katika msuli wa taya, kisha wakazichungua bongo zao kwa picha. Wale waliorithi namna dhaifu ya kimeng'enya hicho kwa baba na kwa mama, bongo zao zilitoa kwa uhaba dawa ya asili ya kutuliza maumivu, nao wakaeleza ya kuwa wameumia zaidi.

Huenda mtu akauliza, 'Basi kila mlegevu apewe udhuru?' Sisemi hivyo. Urithi si sababu pekee. Hofu, malezi na mazoea nayo huongeza maumivu au huyapunguza. Nisemalo ni kwamba machozi si mizani ya ushujaa. Ushujaa hupimwa kwa lile alitendalo mtu na maumivu aliyo nayo, na kiasi cha maumivu hayo hakionekani kwa macho ya jirani. Wahenga walilijua jambo hili kabla ya jeni kupewa jina, waliposema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Turudi kwa mtoto wetu aliaye. Akija tena siku ya sindano ya pili, machozi yakimtoka, lakini akaukunja mkono wa shati mwenyewe na kuunyosha mkono wake, nani atathubutu kumwita mwoga? Pengine yeye ndiye aliyebeba mzigo mzito zaidi siku ile. Mwenzako akisema anaumwa, msikilize kwanza. Hukumu na ingoje.